Jibu la Kwanza

Siku aliyokwenda Ng'ambo ya Reli kuwasifu watu kwa afya yao njema, Dokta Sekela Mwambene alikuwa amebeba cheti. Kilikuwa ndani ya fremu, kimezungushiwa kitambaa kisije kikaingia vumbi, na maneno yake yaliandikwa kwa wino wa dhahabu: Kata Yenye Hali Bora Kuliko Zote Nchini. Tisini na nane kwa mia. Hata Vilima Saba, kule kwenye nyumba zenye madirisha yanayochuja hewa, walikuwa hawajavuka sitini.

Sekela hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mchumi wa afya, mtu wa kupima nani anaumwa, wapi, na kwa nini huyu apone na yule asipone. Kwa miaka kumi na sita alikuwa anauliza swali lile lile: je, dawa ikiacha kumfuata mwenye sauti kubwa ikaanza kumfuata mgonjwa, maskini hatapona sawa na tajiri? Sasa kata ya wagonga kokoto, watu wasio na mbele wala nyuma, ilikuwa imemjibu. Alitaka kuliona jibu hilo kwa macho yake.

Gari lisilo na dereva lilimshusha kwenye tuta la reli, likageuza. Kitu cha kwanza alichosikia ni nyundo. Ko, ko, ko, kila uwanja. Wanawake waliketi juu ya magunia, miguu wameinyoosha, wakipasua mawe hadi yawe kokoto, na vumbi jeupe limewaganda kwenye kope kama unga.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu mgeni. Pita huku kivulini."

Aliyemkaribisha alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, kilemba kimekaa upande. Watu walimwita Mama Mwaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Za hapa salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na kazi?"

"Kazi tunasukumana nazo. Karibu kiti."

Sekela aliketi, akajikuta anatabasamu peke yake. Majibu haya aliyajua. Kila alfajiri yalimiminika kwenye kioo cha ofisini kwake, kaya kwa kaya. Leo alikuwa anayasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu, na yalikuwa matamu. Akaletewa kikombe cha uji wa mtama. Akanywa fundo la kwanza, akafuta midomo, akanyoosha mkono kukifungua kile kitambaa.

"Ila jana tumezika," alisema Mama Mwaja.

Mkono ukasimama juu ya kitambaa.

"Mmezika nani?"

"Mjukuu wa huyo jirani, nyumba yenye mlango wa bluu. Kikohozi cha vumbi. Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wa mwezi uliopita sitawahesabu, maana hata wewe umechoka na safari."

"Lakini, mama," Sekela alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba, "umeniambia watoto hawajambo."

Mama Mwaja alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa watu ambaye nyumbani kwao hakufunzwa.

"Sasa mwanangu, mtu yupo mlangoni, hajakaa, hajanywa hata maji, nimtupie maiti? Salamu ni salamu. Habari yenyewe huja mgeni akishatulia. Kwenu mnafanyaje?"

Kwao Tukuyu walifanya hivyo hivyo. Bibi yake aliwahi kumjibu mgeni "tumeamka salama" huku marehemu amelazwa chumba cha pili. Sekela alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Ndipo akainua macho taratibu hadi ukutani, pale juu ya mlango, palipokuwa na kitu cheupe cha duara kama kisahani cha chai.

Kila nyumba nchini ilikuwa nacho. Jina lake la serikali lilikuwa Kipokezi cha Hali, lakini watu walikiita Shangazi, kwa sababu kiliamka mapema kuliko wote na hakikuacha kuuliza. Saa kumi na mbili kamili kiliwaka taa ya kijani, kikasema kwa sauti ya mama mtu mzima: "Habari za hapa nyumbani?"

"Na Shangazi?" Sekela aliuliza. "Huwa mnamwambiaje?"

"Huyo?" Mama Mwaja akacheka kwa pua. "Huyo ana haraka kama anafukuzwa. Namwambia, 'Salama, mama, ila...' Nikifika kwenye 'ila' ameshaaga. 'Asante, siku njema.' Taa inazima. Mwanzo tulikasirika. Baadaye tukasema, labda yeye ni mgeni wa salamu tu. Wageni wa hivyo wapo, hata kwenye ukoo."

Wanawake wa uwanja wa pili, waliokuwa wakisikiliza, wakaangua kicheko. Sekela hakucheka. Alikiweka kikombe cha uji chini.

Sekunde nne. Yeye ndiye aliyezikata.

Mwanzoni Shangazi alikuwa akisikiliza dakika mbili. Lakini kaya ni milioni kumi na nane, na mitambo haikuweza kuzichambua dakika mbili za kila kaya kila siku kabla ya jua kupanda. Sekela akafanya majaribio. Aliwapima watu elfu tatu, wanachuo na watumishi waliokaa kwenye nyumba za Idara, watu waliozoea kuzungumza na mashine na kuiambia neno moja kwa moja: kichwa kinauma, mtoto ana homa, sijalala. Akakuta kwamba katika kila watu mia, tisini na sita walikuwa wamesema kila kitu kwenye sekunde nne za mwanzo. Akaandika kwenye ripoti yake sentensi iliyokuja kusomwa mpaka nchi za mbali: Jibu la kwanza linatosha. Nje ya sekunde hizo sikio la Shangazi lilifungwa kisheria, isije serikali ikawa inasikiliza ya chumbani mwa watu. Hilo nalo Sekela alilipigania, na alikuwa na haki.

Majibu yale ndiyo yaliyoendesha Mizani. Mizani ilipima Hali ya kila kata, na kila siku ya kumi, saa sita mchana, ikagawa mahema ya pumzi: mahema mia mbili yanayojikunja yenyewe, kila moja na vitanda kumi na viwili, hewa safi na dawa ya kulainisha mapafu. Kata yenye Hali mbaya ilipata. Kata yenye Hali njema ilinyang'anywa. Vifo vilihesabiwa ndani ya mahema. Mahali pasipo na hema hapakuwa na mtu anayekufa, kwa mujibu wa Mizani.

Ng'ambo ya Reli walikuwa hawajaona hema kwa miezi kumi na moja.

"Nyemo!" Mama Mwaja aliita. "Mlete huyo mtoto, daktari amekuja."

"Mama, mimi si daktari wa..."

Lakini msichana alikuwa ameshatoka ndani, umri wake haufiki miaka ishirini na mbili, mtoto amemlaza kifuani kwenye khanga. Alipiga goti kidogo.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, Nyemo. Mtoto hajambo?"

"Hajambo," Nyemo alisema. Halafu akafunua khanga.

Sechelela alikuwa na mwaka na miezi miwili. Alikuwa na kichwa kizuri cha duara na nywele zilizosukwa vifundo vitatu tu, maana hakuwa na nywele za kutosha. Kila alipovuta pumzi, ngozi iliyo chini ya mbavu ilizama ndani kama kitambaa kinachonyonywa. Pua zilitanuka. Ukingo wa midomo ulikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Sekela hakujua kutibu, lakini majedwali aliyajua, kwa sababu aliyatunga. Alitazama saa yake akahesabu pumzi. Sitini na nane kwa dakika. Mtoto wa namna hii, nje ya hema, ana siku nne. Ndani ya hema, tisa kati ya kumi huenda nyumbani wakilia njaa.

"Ananyonya?"

"Ananyonya mara mbili, anaachia. Anachoka." Nyemo aliipangusa pua ya mwanawe kwa ncha ya khanga, polepole, kama anafuta kitu kinachoweza kuvunjika. "Usiku nalala naye nimekaa. Nikimlaza chali anakoroma. Dada, hilo hema litarudi lini?"

Mgawo ulikuwa kesho.

"Na hicho ulichofunga ni nini?" Mama Mwaja aliuliza, akionyesha kitambaa kwa kidevu.

"Hakuna kitu," alisema Sekela, akakisukuma nyuma ya kiti kwa mguu.

* * *

Mkurugenzi wa Idara ya Mizani, Pancras Rwezaura, hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Alimsikiliza Sekela mpaka mwisho, akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Ni Ng'ambo ya Reli tu?"

"Nimepitia kata zote za mashamba na za machimbo. Kote wanakosalimiana kwa utulivu, Hali iko juu. Kwenye maofisi na majumba makubwa, iko chini. Vilima Saba wana mahema mawili, mzee. Mawili! Nimesikiliza majibu yao ya leo. Mmoja amesema mbwa wake ana mafua na yeye anahisi ataambukizwa."

"Amesema kweli yake."

"Ndiyo. Kila mtu amesema kweli yake. Ni mimi niliyekatiza."

Rwezaura aliinuka, akaenda dirishani.

"Dada Sekela, Baraza linakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Unajua ajenda."

"Najua."

"Wapo wanaotaka turudi kwenye kadi. Mwenye kadi anatibiwa, asiye nayo anangoja mlangoni. Mdogo wangu alifia kwenye foleni hiyo nimemshika mkono, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu Mizani ianze, vifo vya watoto nchi nzima vimepungua nusu. Nusu! Hiyo si takwimu ya uongo, ni sensa. Ukisimama leo ukasema Mizani ni kiziwi, hawatasema tuitibu sikio. Watasema tuizike."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Subiri siku tisa. Baraza likishaipitisha, tutaongeza sekunde kimyakimya."

"Kuna mtoto hana siku tisa."

"Mtoto yupo kila mahali."

Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana maneno yalimchoma Sekela zaidi. Kwa sababu hata yeye ndivyo alivyofundisha wanafunzi wake: usimtazame mtoto mmoja, tazama elfu.

"Basi ondoa hema moja Vilima Saba. Leo. Kwa mkono."

"Kwa mkono upi?" Rwezaura aligeuka. "Umesahau? Wewe ndiye uliyeniketisha hapa ukaniambia mkono wa mtu usiguse mgawo, kwa sababu mkono una ndugu. Ukaandika sheria. Mkono wangu ulikatwa na wewe, na nikakushukuru."

Sekela akarudi ofisini kwake, akafunga mlango, akafanya kitu ambacho mtunzi wa Mizani pekee aliweza kukifanya: akaiuliza ya kesho. Akaiambia, chukulia Ng'ambo ya Reli wameamka na kusema wanaumwa. Hema linatoka wapi?

Moyoni aliomba litoke Vilima Saba. Lakini Vilima Saba, kwenye karatasi, walikuwa hoi. Mizani iliweka kidole kwenye jina lingine: Igongwe, saa tatu kwa treni kuelekea magharibi. Vitanda kumi na viwili vimejaa. Watoto kumi wanaendelea vizuri, wangeweza kutolewa. Wawili bado wanahitaji hewa.

Mizani haikuandika majina yao. Sekela aliwahi kuiambia isiandike, ili mtu asije akapendelea.

Alikaa akiutazama ule mstari mpaka kioo kikajizima. Ng'ambo ya Reli walikuwa ishirini na watatu kama Sechelela, hilo alishalijua kwa kupita mlango kwa mlango na mhudumu wa kata. Kumi na wawili wangeingia. Igongwe ni wawili. Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la pili angeifanya. Lakini mpaka leo wale wawili walikuwa na hema, na halikuwa kosa lao kwamba wao huko Igongwe walikuwa wepesi wa kusema "tunaumwa".

* * *

Alasiri ile alirudi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Mama Mwaja aliwaita wenzake, wakaacha nyundo, wakakusanyika kivulini mwa nyumba yake, kama hamsini hivi, kila mmoja mjumbe wa nyumba sita za jirani zake. Sekela aliwaeleza kila kitu, hata sekunde nne, hata nani alizikata. Alipomaliza, mtu mmoja alisonya.

"Kwa hiyo," alisema Mama Mwaja, "unataka kesho Shangazi akinisalimu, nisimjibu salamu. Nimkurupukie."

"Nataka 'ila' ije mbele. Kila mtu aseme lake, kwa maneno yake. Mkisema maneno yanayofanana, Mizani itajua mmefundishwa, itaifunga kata. Na mimi kuwafundisha ni kosa. Naweza kufungwa."

"Kosa lililotungwa na nani?"

"Na mimi."

"Ee Mungu wangu," alisema mwanamke mmoja nyuma. "Huyu dada kajifungia kila mlango na funguo kazimeza!"

Wakacheka, na kicheko kiliwatoka kama kikohozi, kikakatika ghafla. Nyemo hakuwa amecheka. Alikuwa akimpuliza mwanawe usoni taratibu, kana kwamba angeweza kumwazima pumzi.

"Mimi naogopa," alisema. "Bibi yangu alinifunza, asubuhi usitamke baya kabla ya jema. Ukilitamka la kwanza, umelikaribisha. Nikisema mwanangu anakufa, na jua halijatoka..." Hakumaliza.

Hakuna jedwali la Sekela lililokuwa na safu ya jambo hilo.

"Baya limeshakaribia bila kukaribishwa, Nyemo," alisema Mama Mwaja. Kisha akamgeukia Sekela, macho makavu. "Hebu niulize. Mahema yanazaliana?"

"Hapana. Ni mia mbili."

"Likija hapa, linatoka kwa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Sekela alikuwa amelibeba tangu ofisini, akitumaini halitaulizwa. Angeweza kusema hajui. Nani angemshitaki?

"Linatoka Igongwe. Kuna watoto wawili huko ambao bado hawajapona."

Mwanamke mmoja alishika mdomo. Mwingine aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaondoka bila kuaga, na wenzake wawili wakamfuata.

"Dhambi hii ni yangu," Sekela alisema upesi. "Si yenu. Mimi ndiye ninayejua, mimi ndiye..."

"Acha choyo, mwanangu," Mama Mwaja alimkatiza. "Hata dhambi unataka uchukue zote? Umetuambia, sasa tunajua. Ungetaka ibaki yako, ungenyamaza."

Nyemo ndiye aliyesema, bila kuinua uso.

"Huyo mama wa Igongwe, mimi simjui. Angekuwa hapa ningemshika miguu. Lakini mikononi nina huyu." Akambana mwanawe. "Nitasema. Mungu ataniuliza, na nitamjibu."

* * *

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Sekela alisimama ndani ya chumba cha Nyemo, mgongo ukutani. Palinuka mafuta ya nazi na mkaa uliozimika. Pumzi za Sechelela zilikuwa zimebadilika, sasa zilikuja na mlio mwembamba mwishoni, kama mlango wa kabati.

Taa ya kijani ikawaka.

"Habari za hapa nyumbani?"

Nyemo alifungua mdomo. Sekela aliona neno la kawaida likipanda kooni mwake, lile alilofunzwa na mama na bibi na mama wa bibi, likafika kwenye meno. Sekunde moja. Ya pili.

"Mwanangu anakufa!"

Ilitoka kama kelele ya mtu aliyeungua. Mtoto akashtuka, akalia bila sauti. Shangazi akasema, kwa upole ule ule: "Asante, siku njema." Taa ikazima.

Kupitia ukuta wa udongo zilisikika sauti nyingine, nyumba hii na ile, zikigongana: "Nimezika wawili!" "Huyu hali tangu juzi!" "Damu, anakohoa damu!" "Tusaidieni, jamani!" Ilikuwa kama kata nzima imepata msiba kwa dakika moja, ilhali msiba ulikuwepo mwaka mzima, umekaa kimya, umejifunika, ukisubiri mgeni atulie kwenye kiti.

Nyemo aliinua macho kwa Shangazi aliyezimika juu ya mlango.

"Nimemtukana," alisema. "Nimemtukana mtu aliyenisalimu."

Sekela alimpokea mtoto, akamshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mama yake.

Hema lilifika siku ya pili yake, saa nne asubuhi, juu ya gari lenye magurudumu kumi na mawili. Lilijifungua lenyewe kwenye uwanja wa kokoto, mbavu baada ya mbavu, jeupe, likanguruma. Vitanda kumi na viwili. Wahudumu waliwapima watoto ishirini na watatu mlangoni, na walioonekana hoi zaidi wakaingia. Sechelela aliingia wa saba. Wa kumi na tatu, aliyebaki nje, alikuwa mtoto wa yule mwanamke aliyeondoka kivulini bila kuaga.

Siku ya nne Sechelela alinyonya matiti yote mawili, akamng'ata mama yake. Nyemo alipiga yowe, kisha akaanza kulia, na akalia mchana kutwa.

Siku hiyo hiyo Sekela alimpigia simu mhudumu wa afya wa Igongwe. Alijitambulisha, akauliza kuhusu wale wawili.

"Mmoja anajikongoja," alisema mhudumu. "Mwingine tumemzika juzi."

* * *

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba ya alizeti. Mwanamke alikuwa kwenye ngazi, anachambua mchicha ndani ya ungo. Aliitwa Mbula. Sekela hakuketi alipokaribishwa, na maji hakuyapokea. Aliogopa kwamba akiyanywa hataweza kusema.

"Mama, mimi ndiye niliyeliondoa hema."

Mbula alimtazama kidogo. "Hema liliondoka lenyewe. Tuliliona likijikunja."

"Niliwafundisha watu wa mahali pengine namna ya kuliita. Kule nako watoto walikuwa wanakufa, wengi, na kwa kosa langu. Nilijua litatoka hapa."

"Ulijua."

"Nilijua."

Vidole vya Mbula viliendelea na mchicha. Jani zuri huku, jani bovu kule.

"Ulijua anaitwa nani?"

"Hapana. Nilijua ni wawili."

"Anaitwa Kitundu. Alikuwa hapendi kuvaa shati. Unamvalisha, ukigeuka, amevua." Akatupa jani bovu. "Huko mlikolipeleka. Yupo uliyemwona kwa macho?"

"Yupo. Anaitwa Sechelela."

"Anapumua?"

"Anapumua."

Mbula aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha uso wake ukakunjamana, akauinamisha ndani ya ungo, na mabega yakatikisika. Sekela alisimama hapo hapo juani. Hakumgusa. Hakuwa na haki hiyo.

Muda ulipita. Kuku walizunguka ngazi, wakadonoa majani.

"Umekuja nikusamehe?" Mbula aliuliza, sauti nzito.

"Hapana. Nimekuja ujue. Kesho Baraza linakaa. Nitasimama niwaambie yote, sekunde nilizozikata, watoto wa kule, na wa hapa. Huenda wakanifunga. Huenda wakaizima Mizani kabisa, watu warudi kwenye kadi. Sijui. Huenda wakakubali kuifungua masikio, isikilize mtu mpaka amalize. Hilo ndilo nitakalowaomba."

"Utawaambiaje kuhusu Kitundu?"

"Nimeandika. Ukurasa wa tisa."

"Ukurasa wa tisa," Mbula alirudia. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Dada, watu wakubwa hawaogopi karatasi. Wewe mwenyewe ulikuwa nazo karatasi."

Mbula aliweka ungo chini, akasimama, akakung'uta majani kwenye khanga yake. Alikuwa mrefu kuliko Sekela alivyodhani.

"Hilo Baraza ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na treni ya kwenda huko?"

"Saa nane, mchana huu."

Mbula aliliangalia jua, akaliangalia shamba, akamwita jirani ng'ambo ya ua, akamwomba amtazamie kuku mpaka kesho kutwa. Jirani akauliza kuna nini. "Naenda kusema na watu," Mbula alimjibu.

Akamgeukia Sekela.

"Sijakusamehe. Na behewa moja sitakaa na wewe."

"Ndiyo, mama."

"Wewe utasoma hayo yako. Ukifika huo ukurasa wa tisa, unyamaze, unipishe. Nitawaambia mimi. Na wasinikatize."

Akaingia ndani kutafuta viatu.